Bakuli la Samaki Wawili

Kidaka kikijaa, kaburi hupotea. Methali hii mliisikia jana arusini mkacheka, mkadhani ni porojo za barazani. Haya, sogeeni. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mjane, Bi Barka, na bintiye mmoja tu, Mwanatumu. Mwanatumu kachumbiwa na kijana wa Bwana Athumani, na zamani hizo, jamani, posa ilitazamwa ukutani! Wakwe wakija, macho moja kwa moja kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukuta wa ndani: yapo mabakuli ya Kichina? Zipo sinia za shaba, vyetezo vya udi? Kidaka kitupu kilitosha kuvunja posa.

Shaba Bi Barka alikuwa nayo, kaisugua kwa majivu na ndimu hadi unajiona meno. Mabakuli ndiyo haba. Kanunua, kabadilisha hata leso zake, vidaka bado viwazi. Roho ikamtuma makaburini.

Makaburi ya kale hayakuandikwa majina. Mtu akizikwa, bakuli lake zuri hupachikwa kwenye chokaa ya kaburi, na kwa bakuli hilo wanawe humjua. Bi Barka alilijua hilo. "Lakini wenyewe si wamehama?" akajiambia. "Nani atauliza?" Mchana wa jua kali, watu wamelala, akabandua kwa tindo. Moja. Jingine. Na jingine.

Siku ya wakwe ukuta uliwaka! Bwana Athumani akaingia, ndiyo kwanza karudi safari ya miaka, mkononi mrashi wa shaba, ungali mzito kwa marashi.

"Karibu mkwe wangu, keti."

"Nimetoka kumzuru mama. Sikumwona." Macho yakamganda kwenye kidaka cha juu, kwenye bakuli la samaki wawili wa buluu, ukingo umemeguka. "Pengo lile nililitia mimi utotoni, nikachapwa. Bi Barka, mama yangu yuko wapi?"

Bi Barka akajichekesha. "Mabakuli hufanana, bwana."

"Hufanana. Mama hafanani na mtu."

Wakaenda makaburini, Bi Barka kalikumbatia bakuli. Matundu yote yamebomoka, yote sawasawa. Akalijaribu hapa, likaingia. Pale, likaingia. "Ni hili... la, lile." Yeye aliyejua umri wa bakuli kwa kuligonga ukucha, tundu lake hakulijua.

"Basi marashi ya mama niyamwagie wapi?" akauliza Bwana Athumani.

Akanyunyiza tone hapa, tone pale, mpaka mrashi ukakauka na makaburi hayajesha.

"Mwanangu hawezi kuoa kwenye nyumba iliyompoteza nyanyake," akasema, akaondoka.

Mwanatumu alikuwa mlangoni, hina haijakauka mikononi. Mamake akampita, akalirudisha bakuli kidakani, maana hakuwa na pengine pa kuliweka. Ukuta ukabaki umejaa, na hakuja tena mtu kuutazama.

Mnacheka sasa? Kidaka kikijaa, kaburi hupotea.