Tope Halina Mjomba

Tope halina mjomba. Hivyo ndivyo Mama Eliapenda, msimamizi wa bomba, alivyomjibu asubuhi ya leo yule kijana aliyepita foleni ya bomba na madumu yake, akidai aanze yeye kwa kuwa wao ni ndugu. Nyinyi mkacheka, halafu mkaja kuniuliza tope na mjomba wamekutania wapi. Kaeni basi. Sogezeni huo ungo wa maharage tuchambue huku nikizungumza, maana jua bado liko juu na kazi haiishi yenyewe. Methali hii ilianza hivi.

Kabla bomba halijaletwa, vijiji vyetu viwili, Kwesenga huku juu na Mbugani kule chini, vilitegemea bwawa moja. Mababu walilichimba kati ya vilima, wakajenga ukuta wa mawe na udongo, na chini ya ukuta wakaweka lango la mbao nene lililofungwa kwa mnyororo. Watu wa Kwesenga walichota bwawani penyewe. Wa Mbugani walisubiri lango lifunguliwe, maji yashuke kwa mfereji, yapite kando ya mashamba yetu hadi kwenye tangi lao la mawe. Kwa hiyo kila tone walilokunywa lilipita kwanza mbele ya macho yetu.

Mlinzi wa lango aliitwa Mzee Sekiete. Vijiji vyote viwili vilimchagua kwa sababu alikuwa mtu mpole, asiye na tamaa, na tangu aushike ule mnyororo hakuna aliyewahi kumlalamikia. Lakini miaka yote hiyo maji yalikuwa mengi, na maji yakiwa mengi kila mlinzi ni mwema.

Kisha masika yakapita makavu. Tukasema vuli itatufidia. Vuli ikaleta mawingu, yakasimama juu ya milima kama wageni wasiotaka kuingia ndani, halafu yakaondoka. Wala haukuwa ukame wetu peke yetu. Wilaya zote za jirani zilikuwa zikilia, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kwenda kuomba. Watu walichoka namna ambayo hata salamu zilifupishwa. Mtu anainua mkono tu, anapita.

Wazee wa vijiji viwili walikutana, wakachomeka nguzo bwawani na kuipaka alama nyekundu. Wakakubaliana kwamba maji yakishuka chini ya alama ile, ni marufuku kumwagilia shamba la mtu yeyote. Yatakayobaki ni ya kunywa, watu na mifugo, mpaka mvua irudi. Haukupita muda, alama ikaonekana. Mzee Sekiete akaziba kwa mawe na udongo michepuko yote ya mfereji iliyoingia mashambani. Ukabaki mfereji mkuu peke yake, ambao aliufungulia kidogo kidogo kwa ajili ya tangi la Mbugani.

Sasa, Mzee Sekiete alikuwa na mpwa wake, Mcharo. Dada yake alifariki akimwacha mtoto huyo bado ananyonya, na Sekiete ndiye aliyemlea, akamtahirisha, akamwoza mke. Mwaka ule Mcharo alikuwa amelima vitunguu mgongo mzima wa kilima. Mkewe alikuwa mjamzito, na matumaini yao yote yalikuwa kwenye vitunguu vile. Siku michepuko ilipozibwa, vitunguu vilikuwa vimeanza kutunga vichwa.

Mcharo alikwenda kumwona mjomba wake, akamkuta amekaa ukutani mwa bwawa anasugua goti lake bovu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Najua kilichokuleta. Geuka urudi."

"Hujanisikiliza."

"Nikikusikiliza nitakuonea huruma, na huruma sasa hivi sina pa kuiweka."

"Asubuhi moja tu, mjomba. Vikilowa mara moja vitajikaza wenyewe. Maji ya asubuhi moja katika bwawa zima, nani atajua?"

"Maji yatajua," Sekiete akasema. Mcharo akaondoka bila kuaga.

Alirudi kesho yake na siku zilizofuata. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja kwa adabu, na adabu inachosha kuliko matusi. Mwishowe akaja mkewe, tumbo liko mbele. Hakuomba chochote. Alimletea mzee makande kwenye bakuli, akaketi kando yake akiyatazama majani ya vitunguu yalivyoanza kupiga njano kule ng'ambo. Mzee Sekiete akala vijiko viwili, akaliweka bakuli chini. Siku iliyofuata, watu wakiwa wamekwenda kutafuta kuni, alizibua mchepuko wa shamba la Mcharo, na jua lilipofika utosini akauziba tena.

Alidhani yameisha. Lakini udongo uliolowa wakati wa ukame hauhitaji kutangazwa. Jioni ile ile Mzee Kiondo, mmoja wa wale waliosimamisha nguzo, alipita kando ya shamba la Mcharo, akainama, akagusa tope la mfereji kwa kidole. Asubuhi alifika bwawani na mkwewe, mwenye shamba la nyanya. Akamwambia Sekiete, "Ndugu yangu, sikuja kukulaumu. Damu ni damu. Ila na mimi nina watu wangu."

Sekiete akainuka. Akamfungulia.

Wakaja wengine. Hakuna aliyegombana na mwenzake, na afadhali wangegombana. Kila mmoja alikuja na ndugu yake na maneno laini. Huyu ana shangazi, huyu ana shemeji, huyu alinyonya ziwa moja na fulani. Kwesenga nzima ikajikuta ina mjomba bwawani. Na nyinyi mnajua Kwesenga ilivyo, hakuna asiye ndugu wa mwenzake. Mzee Sekiete akawa anafungua na kufunga, amekonda, hazungumzi, kama mtu anayebeba mzigo na hajaambiwa autue wapi.

Kule Mbugani tangi likaacha kujaa. Kulikuwa na mjane mmoja huko aliyeitwa Nakundwa, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Wenzake walimtuma apande aje kuuliza. Akamkuta Sekiete langoni.

"Kaka, maji yetu hayafiki."

"Yamepungua, dada. Unaona mwenyewe jua lilivyo."

Hilo halikuwa uongo, ila halikuwa jibu. Nakundwa aliugeukia mgongo wa kilima, akaviona vitunguu vimesimama kijani katika nchi yote iliyokuwa rangi ya majivu. Akavitazama kitambo, akasema, "Naona jua," kisha akashuka. Toka siku hiyo wanawake wa Mbugani wakawa wanachimba mchanga wa mto mkavu, mbali, wanarudi na maji ya chumvi. Ndama wao wakafa. Wazee wawili nao wakafa, na hakuna aliyeweza kusema kama ni kiu au ni uzee.

Bwawa likaisha. Halikukauka mara moja. Lilirudi nyuma siku baada ya siku, likaacha tope jeusi, zito, na katikati kidimbwi kidogo kinachong'aa. Juu ya tope palifanya gaga, utando mkavu, ukitazama ungedhani ni ardhi ngumu. Wanaume wengi wa Kwesenga walikuwa wamekwenda mbali na mifugo kutafuta malisho. Mcharo alibaki kwa ajili ya mkewe, na ng'ombe wake mmoja wa maziwa alibaki naye.

Adhuhuri moja ng'ombe yule alinusa maji, akakata kamba, akaingia bwawani. Gaga likampasukia. Mcharo akamfuata mbio, akamshika pembe, akavuta, na kadiri alivyovuta ndivyo wote wawili walivyozama. Mkewe alipiga yowe. Mzee Sekiete akatoka langoni akichechemea, akaingia topeni mpaka magotini, akakwama.

"Mjomba!" Mcharo alipiga kelele. Tope lilikuwa limemfika kiunoni. "Mjomba, nishike!"

Mzee akanyoosha mkono. Kati ya mkono ule na wa Mcharo palitosha kulala watu watatu. Akajaribu hatua nyingine, akaanguka kifudifudi, akajiinua kwa viwiko uso umejaa tope, na bado mkono ameunyoosha.

"Mjomba! Mjomba wangu!"

Wakati huo kundi la Mbugani lilikuwa linapanda mlima na vyombo vyao. Tangi lilikuwa tupu kabisa, wakaamua kuja kuchota wenyewe chochote kilichobaki. Mama yangu, kabla hajaolewa huku Kwesenga, alikuwa miongoni mwao, na ndiye aliyenisimulia. Alisema walifika ukutani, wakalitazama tope, wakaviona na vitunguu kule ng'ambo. Kwa muda hakuna aliyesogea. Mama hakulificha hilo. Alisema, "Tulisimama. Tulikuwa tumechoka hata na huruma."

Nakundwa ndiye aliyetua ndoo yake. Akafungua kamba za vyombo, akawapa wenzake waziunge. Wakavunja matawi na kuyatandaza juu ya gaga, wakamtoa kwanza mzee. Kisha Nakundwa akalala kwa tumbo juu ya matawi, akatambaa, akairusha kamba. Ikaanguka karibu na Mcharo, lakini Mcharo hakuitazama. Alikuwa ameshika pembe za ng'ombe, macho yako kwa mzee, anaendelea kuita, "Mjomba, mjomba."

Nakundwa hakupaza sauti. Alimwambia kama mama anavyomwambia mtoto aliyekataa kulala.

"Acha kumwita mjomba wako, mwanangu. Tope halina mjomba. Mwachie ng'ombe, shika kamba."

Akashika. Wakamvuta watu wa Mbugani, wanawake kwa wanaume, wale wale ambao koo zao zilikauka ili vitunguu vyake vinywe. Ng'ombe hawakumpata. Alilia mpaka jua likapunguza makali, kisha akanyamaza, na watu wakachota maji kidogo ya kidimbwi wakiwa wamempa mgongo.

Vijiji vilipokutana, Mzee Sekiete alisimama akaeleza yote, kuanzia bakuli la makande. Hakujitetea. Alipotaja wale wazee wawili wa Mbugani aliweka mnyororo chini mbele ya watu, akaketi. Wa Kwesenga waliinamisha vichwa, maana kila mmoja alijua siku yake ya kuja na ndugu. Hapakuwa hata na mtu mwenye nguvu ya kukasirika. Vitunguu navyo havikuvunwa. Vilikauka pale pale, vikiwa vidogo kama vifungo vya shati.

Walikubaliana kwamba mnyororo utashikwa na mtu wa Mbugani, anayekunywa wa mwisho, na hatalifungua lango bila mtu wa Kwesenga kuwapo. Wakamchagua Nakundwa. Akakataa, wakambembeleza, akakubali kwa shingo upande. Mvua ilikuja kwa kuchelewa sana, baada ya familia kadhaa kuhama zisirudi tena.

Miaka ikapita, bwawa likajaa, kisha ukame mwingine ukaja, na alama nyekundu ikaonekana tena. Mzee Sekiete, amezeeka sasa, alikuwa na kijishamba cha maharage nyuma ya nyumba, chakula chake cha mwaka. Asubuhi moja alijikongoja hadi langoni. Nakundwa alikuwa amekaa ukutani, macho mekundu ya kukosa usingizi, maana watu walikuwa wamemzonga kwa maneno yale yale laini.

"Karibu, kaka," akasema, akasogea pembeni mzee apate pa kukaa.

Mzee akakaa. Wakayatazama maji yaliyopungua. Kisha Nakundwa akasema, "Maharage yako yananyauka. Nimeyaona nilipopita."

"Yananyauka."

"Umekuja kuniomba. Kamba iliyomtoa mwanao niliishika mimi, tangu siku ile tumekuwa ndugu, na wewe unajua siwezi kukukatalia kwa ukali."

Mzee Sekiete akainuka taratibu kwa fimbo yake. "Nilikuja kukuomba," akasema. "Nimefika nikakuona ulivyochoka, nikajijua ni mimi yule. Usinijibu kitu, dada. Sitaki uniambie hapana, na sitaki uniambie ndiyo."

Akashuka mlima kwenda kuyang'oa maharage yake kabla hayajawa majani matupu. Waliokutana naye njiani, wakamwuliza kama amefunguliwa maji, aliwajibu neno lile lile, akaendelea na safari yake:

"Tope halina mjomba."