Kindi wa Nyuma ya Mkeka

Hapo kale, zamani zile wanyama walipokuwa na majiko yao, mikeka yao na majirani wa kusengenyana nao, aliishi Kindi mmoja aliyejua maneno ya kila mtu. Msimdhanie vibaya, wanangu, hakuwa mdaku. Kazi yake ilikuwa kukumbusha. Kila mara watoto wa kijiji walipocheza mchezo wa kuigiza, Kindi alijibanza nyuma ya mkeka uliotundikwa uwanjani, na yeyote aliyesahau maneno yake alinong'onezwa kutoka huko.

Hakuna aliyemwona, naye hakujali. Watu walipocheka alijua wamechekeshwa na neno alilolinong'ona yeye, na siku hiyo nzima ilimwendea vizuri hata kama uji wake uliungua.

Sasa, siku ninayoisema, mchezo ulikuwa Harusi ya Chui. Uwanja ulikuwa mbele ya ghala la Mzee Tembo, ghala la mawe lenye mlango mmoja tu. Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi: Chui anakuja kuoa, anajisifu, bibi harusi anamshika mkono kumpeleka chumbani, kisha bibi harusi anaponyoka na mlango unafungwa, Chui akiwa ndani. Bibi harusi alikuwa binti mdogo wa Mama Sungura. Mlango alikuwa Tembo. Mzee wa watu aliomba apewe nafasi yenye maneno, akapewa mawili, "Mlango umefungwa," na kila siku ya mazoezi aliyasahau. Basi walimfunga ubao kifuani, wakamketisha kando ya ghala, na kufikia saa hiyo alishaanza kusinzia.

Na Chui je? Chui alikuwa Paa, rafiki wa Kindi wa kufa na kuzikana. Wiki mbili nzima walikuwa wakikaa pamoja kuchora madoa ya masizi kwenye gunia, wakichafuana pua na kucheka bila sababu. Leo watu wamejaa, ngoma inalia ndi, ndi, ndi, na Paa ameketi nyuma ya mkeka, gunia liko mapajani, anatetemeka mwili mzima.

"Siendi," alisema.

Kindi alimbembeleza. Alimwambia asihofu, maneno yote atampa yeye. Paa akajibu kwamba maneno anayajua, anachoogopa ni macho ya watu. Huko mbele watoto walishaanza wimbo wa kumwita bwana harusi:

"Chui njoo, Chui njoo,
Ubwabwa umeiva, Chui njoo!"

Waliimba mara ya kwanza. Wakaimba mara ya pili. Mara ya tatu wimbo ukakatika, yakasikika makofi na vifijo: amekuja, amekuja. Kindi akamgeukia Paa. Paa alikuwa palepale, na gunia lilikuwa mapajani mwake.

Kindi akaweka jicho kwenye tundu la mkeka.

Alikuwa Chui. Chui mwenyewe, wa kucha na meno, ametokea kwenye majani ya nyuma ya ghala. Alikuja kunyakua mtoto mmoja na kutokomea, akakuta anaitwa kwa jina. Hatua tatu mbele yake watoto walikuwa wameketi chini, wale wadogo kabisa mstari wa mbele.

"Leo Paa amependeza," alisema mmoja wao. "Tazama madoa, kama ya kweli vile."

Kindi alitaka kupiga kelele. Afadhali hakupiga, kwa maana akili ilimfikia kabla ya sauti. Akipiga kelele watoto watakimbia, na wakikimbia Chui ataruka. Kwa sasa wako salama, maadamu wanadhani wanatazama mchezo.

Uwanja ukawa kimya. Wote walimkazia macho Chui, wakingoja aseme. Wanangu, mmewahi kutazamwa na umati mzima unaongoja mseme? Hata uwe na kucha, utababaika. Chui alibabaika. Aliinua mguu mmoja, akaushusha. Akameza mate.

Nyuma ya mkeka ikatoka sauti ndogo: "Sema, nimekuja kuoa."

"Nimekuja kuoa," alisema Chui.

Watoto walicheka mpaka wakaangukiana, na mabibi wakapiga vigelegele. Chui aligeuza kichwa huku na huku. Tangu azaliwe, kila alipotokea watu walitimka. Hakuna aliyewahi kubaki ameketi, sembuse kumpigia makofi. Kindi aliuona mkia wake ukiinuka polepole.

"Sema, nitazameni nilivyo mzuri," sauti ikanong'ona. "Kisha zunguka."

Akasema, akazunguka. Vigelegele tena. Safari hii aliongeza mbwembwe zake mwenyewe, akajifanya anajipaka manukato nyuma ya masikio. Jasho likimtoka, Kindi alijikuta anawaza kwamba huyu bwana ana kipaji, akajionea haya kwa kuwaza hivyo.

"Sema, chumba changu kiko wapi? Kisha nenda mlangoni."

Chui akaenda mpaka mlango wa ghala. Zilibaki hatua mbili awe ndani. Ndipo bibi harusi alipotokea na maua yake kichwani, moja kwa moja kwa Chui, mkono ameshaunyosha. Alikuwa mtoto wa kufuata alivyofundishwa, na alifundishwa kumshika bwana harusi mkono. Kwa hofu yake, Kindi alikuwa amesahau kipande hicho.

"Nikitoka hapa, Chui hatakuwa na wa kumwambia la kufanya," alimnong'oneza Paa. Hakumwomba kitu. Hakuthubutu.

Paa alichungulia tunduni. Kisha akachukua shuka la kufunikia ngoma, akajifunika gubigubi, akatoka.

Kindi akarudisha jicho tunduni. Macho yote yale aliyoyaogopa rafiki yake yalimgeukia, na mawili kati yake yalikuwa ya Chui. Paa alitembea kwa madaha kama kungwi, mwendo wa taratibu, akamshika bibi harusi bega.

"Mwari haingii kitanda hakijakaguliwa," alisema kwa sauti ya kizee. "Bwana harusi atangulie kuangalia godoro. Sisi tunakwenda kutia wanja."

Maneno hayo hayakuwamo katika mchezo. Bibi harusi alinung'unika kwamba hawakufundishwa hivi, lakini watu walikuwa wanacheka na hawakumsikia. Mstari wa mbele, kaka yake mdogo alimvuta mama yao.

"Mama, mbona miguu ile ni ya Paa?"

Mama Sungura aliitazama miguu iliyotokeza chini ya shuka. Akamtazama Chui. Akamtazama binti yake, aliyesimama katikati yao. Kindi aliuona uso wa mama yule ukibadilika, akajua kwamba ameelewa, akangoja mayowe.

Mayowe hayakuja. Mama Sungura alimpakata mwanawe, akamziba mdomo kwa kiganja, akaanza kuimba. Sauti ilimtetemeka, lakini aliimba: "Chui ingia, Chui ingia." Watoto wakadakia.

Pua ya Chui ilikuwa inacheza. Alinusa upande wa lile shuka mara moja, akanusa tena, na mkia wake ukashuka. Njaa ilimvuta huku, wimbo ukamvuta kule.

"Ingia kwa maringo," Kindi alinong'ona. "Wote wanakutazama wewe."

Chui alinyoosha shingo, akainua kidevu, akaingia ghalani kwa maringo.

"Tembo," Kindi alinong'ona. "Tembo, sasa."

Kroo, kroo. Tembo alikuwa anakoroma na ubao wake kifuani. Paa alikuwa ameshamkabidhi bibi harusi kwa mama yake. Alirudi mbio, shuka likimwanguka njiani, akamkanyaga Tembo kidole cha mguu kwa kwato yake kali. Tembo akashtuka, akaona watu, akakumbuka kwamba yeye ni mlango, akajitupa kizingitini, pu! Vumbi likatanda uwanja mzima.

"Mlango," alisema Tembo. "Mlango..." Akakwama.

"Umefungwa," Kindi alinong'ona, na machozi yakamtoka.

"Mlango umefungwa," Tembo alisema kwa fahari. "Na leo nimekumbuka mwenyewe."

Watu walishangilia. Kindi akatoka nyuma ya mkeka, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasimama mbele ya watu. Alimwomba Tembo asiinuke, kwa lolote lile. Tembo akauliza kwa nini, kwani mchezo si umekwisha. Basi nyuma ya mgongo wake, kutoka ghalani, ikasikika sauti nzito yenye adabu kabisa.

"Sasa nasema nini?"

Hapo kijiji kizima kikaelewa. Kina mama walibeba watoto wao wakaondoka, na Tembo akajikandamiza kizingitini kwa uzito wake wote. Paa na Kindi walikumbatiana. Paa alicheka, akalia, akacheka tena, na alipopata pumzi aliuliza kama sauti yake ya kizee ilisikika mpaka nyuma. Kindi akamwambia ilisikika, na kwamba hakuwahi kuona mchezo uliochezwa vizuri vile.

Sauti ikauliza tena. Kindi, ambaye hakuwahi kumnyima mtu neno, akausogelea ukuta wa ghala.

"Sasa unanyamaza," alisema. "Umecheza vizuri."

Kesho yake wakubwa wakaja na kamba, wakamvusha Chui mto, wakamwonya asirudi tena. Alipofika ng'ambo aligeuka, akasimama kitambo akiwatazama, kama anayengoja kitu. Hakuna aliyempigia makofi, ingawa Kindi mikono ilimwasha.

Mkeka wangu naukunja hapa, wanangu, na neno langu ni moja: anayependa mno kushangiliwa huingia popote anapoelekezwa.