Nyani wa Lango na Kikapu Kilichotangulia

Paukwa!
Pakawa!
Kaondoka mtu kwao!
Kafunga mzigo!
Kafika wapi?
Tuambie wewe, sisi hatujasafiri!

Haya, sogeeni. Hapo zamani Kindi alikuwa na hamu moja tu: kuliona Ziwa la Heroe. Ziwa lenyewe liko nchi ya ng'ambo, na ndege wake, heroe, huja mara moja kwa mwaka, wakatulia kidogo, wakaruka zao. Kila mwaka Kindi alisema, "Mwakani." Sasa macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye alijua wazi kwamba akisema "mwakani" tena, habari za heroe atasimuliwa tu na wajukuu.

Akajiandaa. Akapiga picha ya pasipoti, masikio yote nje, bila kucheka, na kwa Kindi kutocheka si kazi ndogo. Akachanjwa chanjo ya homa ya manjano. Sindano chwi! Siku nzima akakalia upande mmoja. Akawauliza waliowahi kwenda, wakamwambia, "Kule hawataki mgeni ombaomba. Usipokuwa na masurufu, chakula chako mwenyewe cha njiani, hawakupokei." Basi akapika visheti, akakaanga karanga, akajaza kikapu. Huyooo, njiani.

Mpakani palikuwa na kijito, na juu ya kijito gogo la kuvukia. Upande wa huku palikuwa na lango la miiba, langoni kiti, na kitini Nyani. Dume la miraba minne, kofia kichwani, muhuri mkononi, tumbo mapajani.

"Pasipoti?"
"Ipo, afande."
"Chanjo?"
"Ipo, afande."
"Masurufu?"
"Haya hapa, afande."
"Lete! Chakula hakivuki mpaka."

Nyamu nyamu nyamu! Kikapu kikabaki kitupu. Nyani akajifuta mdomo, akagonga muhuri, gwa! "Haya, safari njema."

Kindi akavuka gogo, tip tip tip. Upande wa pili alikaa Kobe, mlinzi wa nchi ya ng'ambo, mkubwa, mzito, mtu wa sheria asiye na haraka.

"Pasipoti?"
"Ipo, mjomba."
"Chanjo?"
"Ipo, mjomba."
"Masurufu?"

Kindi akakipindua kikapu, haikuanguka hata karanga moja.

"Pole, mwanangu," Kobe akasema. "Bila masurufu sikupitishi."

Kindi akarudi kwake, akapika upya, akaja tena. Pasipoti, ipo. Chanjo, ipo. Masurufu, nyamu nyamu nyamu! Muhuri, gwa! Akafika tena kwa Kobe mikono mitupu. Safari hii alikaa chini akalia, maana heroe walikuwa wameshatua, na kelele zao alizisikia kwa mbali.

Alipomaliza kulia akauliza, "Mjomba Kobe, hivi Nyani hajawahi kufika hapa kwako?"

"Aje na nini? Pasipoti hana, chanjo hana. Yule anaogopa sindano kuliko anavyoogopa chui."

"Na mzigo ukitangulia kabla ya mwenyewe?"

"Mzigo si mtu. Nitauweka mpaka mwenyewe aje."

Kindi akafuta machozi. Akaenda akapika kashata za nazi na visheti vya hiliki, harufu ikatembea mpaka kwa majirani. Akapanda upande wa juu wa kijito, pale maji yanapopinda kuelekea kwa Kobe, akakiweka kikapu majini. Chubwi! Kikaelea taratibu, nacho hakina habari na mtu.

Kisha akashuka langoni. Nyuma yake kwenye foleni alisimama Nungunungu na furushi la mihogo. Naye safari iliyopita alikuwa ameliwa vyake, na moyo bado ulimwuma. Kindi akamnong'oneza jambo. Nungunungu akaitikia kwa kichwa, miiba ikalia chaka chaka.

"Pasipoti?"
"Ipo, afande."
"Chanjo?"
"Ipo, afande."
"Masurufu?"
"Hapa sina, afande. Yametangulia. Gonga muhuri nikayafuate."

Nyani akagonga muhuri, gwa! Ndipo akili ikamrudia. "Yametangulia wapi?"

"Kikapu kile pale, Mjomba Kobe anakivuta. Kashata na visheti vya hiliki. Lakini usihangaike, afande. Kule si kwako."

"Nani kakwambia kuna kusiko kwangu?" Nyani akafoka. Akautupa muhuri kitini, akalikanyaga gogo, gudu gudu gudu!

Alipofika, Kobe alikuwa ameshakilalia kikapu, kisije kikaingia sisimizi.

"Lete kikapu!"
"Karibu, mgeni. Pasipoti?"
"Mgeni nani? Mimi ni Nyani wa Lango!"
"Pasipoti?"

Nyani akampiga gamba, ko! ko! ko! Kobe akaingiza kichwa. Sauti ikatoka ndani: "Chanjo?"

Nyani akamsukuma, Kobe hakusogea. Akamvuta, Kobe hakusogea. Akachoka, akageuka kurudi zake. Lango akalikuta limefungwa, na kitini amekaa Nungunungu, miiba yote imesimama.

"Pasipoti?"
"Wee Nungunungu, si unanijua?"
"Nakujua sana. Pasipoti?"
"Sina!"
"Chanjo?"
"Sina!"
"Chanjo isikupe shida, afande. Sindano ninazo nyingi. Geuka."

Nyani akaziangalia zile sindano, nene, ndefu, nyeusi kwa nyeupe. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaketi katikati ya gogo. Huku hakubaliki, kule hakubaliki. Kindi akamruka kichwani, hop! "Samahani, afande."

"Pasipoti?" Kobe akatoa kichwa.
"Ipo, mjomba."
"Chanjo?"
"Ipo, mjomba."
"Masurufu?"
"Umeyalalia."

Kobe akajiinua polepole, akachungulia chini ya tumbo lake, akaridhika. "Karibu, mgeni."

Kindi akaliona ziwa. Maji yote yalikuwa ya waridi kwa heroe, wanainama, wanainuka, wanagombana kwa kelele. Akakaa juu ya jiwe akawatazama mpaka shingo ikauma. Alifurahi, jamani, alifurahi mpaka akasahau kula.

Sasa funzo. Wewe unayeinua mkono, najua unataka kusema ulafi ni mbaya. Shusha mkono. Nyani alikula vya watu miaka na miaka, na hakuna kilichompata. Shida ilimkuta siku aliyoinuka. Basi mkipewa kiti, wanangu, vya watu vileni mkiwa mmekaa.

Ngano yangu imeshavuka. Tamu yake nendeni nayo, chungu yake mwachieni Nyani pale gogoni.