Kuku wa Madoadoa wa Bi Mwantumu

Sogeeni, nyie wenye masikio. Leo nawaletea kesi ya kuku, na kuku wenyewe wana afadhali kuliko watu watatu nitakaowataja.

Korogwe, nyuma ya gereji, aliishi mjane aitwaye Bi Mwantumu. Alikuwa na kuku wanne wa mayai. Mayai hayo ndiyo yalikuwa unga wake na sukari yake, maana aliyapeleka dukani akarudi na vya kupika. Alipakana na majirani watatu, kila mmoja na kipaji chake, na kila mmoja akikiringia. Mhando alikuwa na macho makali. Dalia, mkaanga chipsi mayai, alijua vyakula. Semkiwa alikuwa seremala. Vipaji vikubwa, watu wadogo.

Mayai yakaanza kupotea. Kuku wanataga, wanapiga kelele mtaa mzima ujue, lakini mjane akiingia bandani anakuta majani yameloa ute tu. Walikuwa wanakula mayai yao wenyewe, na lawama zote zikamwangukia kuku mmoja mwenye shingo tupu. Kuku ndivyo alivyo. Mwekee pumba safi kwenye sahani, ataichakura yote aimwage chini, kisha aokote punje moja ya mahindi kana kwamba anakufanyia hisani. Akipata mnyoo hamezi, anakimbia nao uani ili wenzake wamfukuze.

Wiki mbili Bi Mwantumu akanywa uji usio na sukari. Hatimaye akasimama uani, majirani wakisikia, akaapa.

"Wallahi, Ijumaa ya wiki ijayo nawachinja wote. Atakayewaponya kabla ya hapo, namkabidhi huyu wa madoadoa."

Wa madoadoa alikuwa hakosi kutaga hata siku moja. Mate yakawatoka wote watatu.

Mhando akaburuta mkeka hadi mlangoni pa banda, akalala ubavu, kazi pekee anayoiweza. Alitazama kutwa nzima. Jioni akasema, "Mnamsingizia huyu mwenye shingo tupu bure. Mwizi ni yule mweupe, mpole wenu. Mtazameni kifuani." Kweli, manyoya yalikuwa yamegandwa na kiini cha yai. Mweupe akafungiwa peke yake. Hata hivyo mayai yaliendelea kupasuka, na yakipasuka yanaliwa.

Dalia akaokota yai moja, akalibonyeza kwa kidole, likavunjika. "Bi mkubwa, ganda gani hili, jembamba kama karatasi? Hawa wana njaa ya chokaa." Akakusanya maganda, akayakaanga, akayatwanga mpaka yakawa unga, akachanganya na dagaa kwenye pumba. Siku chache baadaye ganda likawa ganda. Lakini mdomo uliozoea kudonoa bado ulidonoa.

Ndipo Semkiwa akaja na msumeno, akiimba kama vile anajenga ikulu. Akaunda viota vyenye sakafu ya mteremko. Yai likitagwa linabingirika nyuma ya ubao. Kuku anageuka alidonoe, anakuta majani matupu, anainamisha kichwa haelewi kitu. Kisha anatoka nje kulalamika.

Alhamisi Bi Mwantumu akatoa mayai manne mazima. Alilia, nasema kweli. Kabla hajafuta machozi, wale watatu walikuwa wamefika.

"Bila macho yangu msingemjua mwizi," akasema Mhando.

"Macho gani?" Dalia akamkata. "Wiki mbili nzima ulimwona akidonoa ukanyamaza, ukisubiri wachinjwe ualikwe."

Mhando alijikuna tumbo. "Na wewe unayemwaga maganda mabichi uani kwake, na ute wake humo humo? Nani kawafundisha utamu wa yai?"

Semkiwa akacheka. Dalia akamgeukia. "Unacheka nini wewe? Viota vitatu vya Bi Mwantumu, viwili ulivibomoa ukatengenezea stuli yako. Kuku wanne wakabaki kukanyagana kwenye kimoja. Mayai yasipasuke?"

Kumbe. Walioponya ndio hao hao walioharibu, kila mtu na fungu lake. Mnadhani waliona haya? Haya wataitoa wapi? Walinyoosha mikono mitatu, na hakuna aliyerudisha wake.

Ningekuwa mimi, ningewajazia viganja hivyo mbolea ya bandani. Lakini mimi sikuapa. Aliyeapa ni Bi Mwantumu, naye amesimama pale na wa madoadoa kwapani, anamshika kwa mikono yote miwili. Akimtoa, mfuko wake wa unga unapungua. Akimzuia, amelitaja jina la Mungu bure mbele ya majirani.

Basi semeni, nyie mnaojifanya mnajua haki. Kuku huyu apewe nani kati yao? Na mkisema asipewe yeyote, ni nani kati yenu atakayembebea mjane kiapo chake?