Sauti Ifike Kisimani

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye masikio?

Na asikie.

Mwenye macho?

Na atazame.

Mwenye mdomo mkubwa?

Na aufunge mpaka hadithi iishe.

Hapo kale palikuwa na kijiji kilichoitwa Kwambwego. Watu wake walijiona. Walijiona kwa mtama wao, walijiona kwa mbuzi wao, na zaidi ya yote walijiona kwa darasa la watoto wao, banda la makuti lililokuwa mwisho wa kijiji. Mtu mzima wa Kwambwego hakujua herufi hata moja. Hilo halikuwazuia kujua namna ya kuzifundisha.

Desturi yao ilikuwa hii. Kila Ijumaa alasiri wazazi walitandika mikeka kisimani, hatua mia mbili kutoka bandani, wakaletewa kahawa. Kiongozi wao, Jumbe Mbwego, alisimama katikati akatega kiganja sikioni. Sauti za watoto zikifika kisimani, wazazi walitikisa vichwa wakasema, "Wanasoma." Zisipofika, walisema mwalimu hafai.

Hakuna aliyewahi kwenda kuchungulia bandani. Jumbe alisema kumchungulia mwalimu ni kumvunjia heshima. Uwongo mtupu. Waliogopa mtoto asije akawauliza ubaoni pameandikwa nini.

Basi, mwalimu wa watoto wakati huo alikuwa Bi Somoe, mjane mwembamba wa maneno machache. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti wa miaka saba aitwaye Mwatumu, naye alisoma humo humo bandani na wenzake.

Bi Somoe hakuwa na kiti. Alikaa chini na watoto, ungo katikati, na ndani ya ungo majivu yaliyochekechwa. Alichora herufi kwa kidole akasema, "Hii ni m. Bana midomo uisikie." Watoto wakabana midomo. Akachora nyingine, akasema, "Hii ni a. Fungua mdomo." Wakafungua. Kisha kila mtoto alitia kidole chake majivuni akachora mwenyewe, nyingine zimesimama, nyingine zimegeuka kisogo, na Bi Somoe alizisoma zote.

Siku Mwatumu alipoziunga herufi zake mara ya kwanza, aliutazama ungo, akamtazama mama yake, akautazama tena ungo. "Ni wewe huyu," alisema. Bi Somoe alilia, na hakuona haya.

Kisimani hapakusikika kitu.

Ijumaa ya kwanza Jumbe aliuliza, "Mnasikia?" Wakajibu, "Hatusikii." Ijumaa ya pili akauliza, "Mnasikia?" Wakajibu, "Hatusikii." Ijumaa ya tatu hakuuliza tena, alimwita Bi Somoe mbele ya watu.

"Bi Somoe, watoto wetu wanaumwa?"

"Wazima, Jumbe."

"Mbona hawasikiki?"

"Wanasoma. Anayesoma hutazama kwanza, Jumbe."

"Sikukuuliza wanatazama nini. Nimekuuliza sauti iko wapi. Baba yangu alisema sauti ifike kisimani, na babu yangu alisema sauti ifike kisimani, na mimi nasema sauti ifike kisimani."

"Karibuni basi bandani muwaone."

Watu walitazamana. Mmoja akakohoa, mwingine akakumbuka mbuzi wake hajafungwa. Jumbe alisema mwanamke huyu ana kiburi, na siku hiyo hiyo wakamfukuza kazi.

Siku moja akaja mtu mrefu, amejifunga kilemba kikubwa kichwani, kimeshuka mpaka shingoni. Alisimama kisimani akasema, "Mimi ni Mwalimu Ngurumo. Nasikia mnatafuta sauti."

Akafungua mdomo. "Ba be bi bo bu." Ndege wakaruka kutoka kwenye mtama. Akarudia, na safari hii ilisikika kama watu wawili wanasema pamoja, mmoja mbele na mmoja nyuma. Jumbe Mbwego machozi yalimtoka kwa furaha. Hapo hapo wakampa banda.

Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Hakuna aliyemuuliza ni mtoto wa nani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini kilemba chake, kikitazamwa kwa nyuma, kilikuwa kinatafuna. Ninyi hapa mmekwisha kujua kuwa yule ni zimwi, na mdomo wake wa pili uko kisogoni. Mmejua kwa kusikia mara moja tu, na mdogo wenu bado ananyonya kidole. Wao walikuwa watu wazima wenye ndevu.

Basi zimwi likasomesha. Likagonga ubao kwa fimbo, likanguruma, na watoto wakafuata. "Ba be bi bo bu." Sauti ikafika kisimani, ikakipita kisima, ikagonga kilima ikarudi. Wazazi wakanywa kahawa yao wakasema, "Wanasoma."

Mwatumu alirudi nyumbani sauti imemkauka. "Mama, ubaoni hakuna herufi. Kuna mikwaruzo tu, kama kuku amepita."

"Mmemwambia mwalimu?"

"Shaweji alimwambia. Mwalimu akamtazama sana, kisha akasema Shaweji amefuzu."

Shaweji alikuwa mjukuu wa Jumbe. Ijumaa ile Mwalimu Ngurumo akatangaza kuwa mtoto aliyefuzu anahamia darasa kubwa, nyuma ya kilima. Ikapigwa ngoma, ukapikwa pilau, na zimwi likamshika Shaweji mkono likaondoka naye. Nyuma ya kilima likafungua kilemba, likammeza mzima mzima kwa mdomo wa kisogoni. Zimwi lile halikuwa na haraka. Lilikuwa likiwaweka tumboni mpaka watimie saba, ndipo liwasage pamoja.

Jumatatu watoto bandani walikuwa wamepungua, lakini sauti haikupungua. Zimwi lilijifinya tumbo, na Shaweji humo ndani akapiga kelele. "Ba be bi bo bu." Kisimani wakatikisa vichwa.

Ijumaa ya pili akafuzu Kibibi, binti wa mpika kahawa. Ngoma ikapigwa, pilau likaliwa.

Bi Somoe alimfuata Jumbe kisimani. "Jumbe, watoto wawili wameondoka na sauti ni ile ile. Nani anasoma badala yao?"

"Huo ndio ufundi wa mwalimu."

"Umekwenda kuliona hilo darasa kubwa?"

"Bi Somoe, wivu utakukondesha, na huna cha kukonda."

Watu wakacheka sana. Walicheka mpaka kahawa ikawapalia.

Bi Somoe alimfungia Mwatumu nyumbani. Akamwambia asitoke, asiitike, asimfungulie mtu. Lakini Jumbe aliona mtoto mmoja akikosekana sauti itapwaya. Basi Ijumaa ya tatu, Bi Somoe alipokwenda kuokota kuni, vijana wa Jumbe wakausukuma mlango, wakambeba mtoto mpaka bandani.

Bi Somoe aliporudi alikuta mlango umelala chini. Akakimbia kisimani. Huko pilau lilikuwa limekwisha kupakuliwa.

"Hongera, Mama Mwatumu," walimwambia, midomo imejaa. "Mwanao amefuzu."

Bi Somoe alitupa kuni zake pale pale akakipanda kilima mbio, kanga ikaanguka njiani asiiokote.

Nyuma ya kilima hapakuwa na darasa. Palikuwa na mwamba, na chini ya mwamba zimwi limelala kiubavu, kilemba pembeni, mdomo wa kisogoni wazi, meno mawili mawili, linakoroma. Tumbo lake lilikuwa limetuna kama gunia la mahindi.

Bi Somoe aliziba mdomo kwa mikono yake. Alijua akipiga ukelele mmoja tu, zimwi litaamka, na zimwi lililoamka halishikiki. Akasogea kwa vidole vya miguu, akachuchumaa karibu na lile tumbo. Alitaka walau akae hapo mwanawe alipo.

Ndipo akaona ngozi ya tumbo inasukumwa kutoka ndani. Kitu kidogo, ncha ya kidole, kikapita chini, kikapanda, kikazunguka, kikaacha. Kisha tena. Kwako wewe na mimi ni tumbo linalonguruma tu. Bi Somoe aliziona herufi. Zilikuwa zimegeuka kwa kuwa ziliandikwa upande wa ndani, lakini mtu aliyefundisha watoto wadogo herufi zilizogeuka hazimsumbui.

Zilisema, "Mama."

Akanyoosha kidole, akaandika taratibu juu ya ngozi ya zimwi, "Nipo."

Zimwi likajikuna. "Sisimizi hawa," likanung'unika, likaendelea kukoroma.

Bi Somoe akangoja. Akaandika, "Wangapi?"

Ndani kukajibiwa, "Watatu."

Akaandika, "Mlango?"

Hapo alingoja sana, kwani neno lilikuwa refu na aliyekuwa akiandika alikuwa na miaka saba. Herufi moja, akapumzika. Herufi nyingine, akapumzika. "Kisogoni."

Akaandika, "Shikaneni."

Kando ya mwamba palikuwa na mche wa pilipili kichaa umejiotea. Bi Somoe akachuma mbivu na mbichi, akazisaga baina ya viganja mpaka ngozi yake ikawaka moto. Hakutoa sauti. Akazunguka nyuma ya kichwa cha zimwi, akazimimina zote katika ule mdomo wa kisogoni, akalisugua nazo ulimini.

Zimwi likapiga chafya ya kwanza, ukatoka mkono wa Shaweji. Bi Somoe akaudaka akavuta. Likapiga chafya ya pili, akatoka Shaweji mzima na Kibibi mpaka kiunoni. Likapiga chafya ya tatu, akatoka Kibibi, na nyuma yake vidole vya Mwatumu vimemng'ang'ania mguuni.

Hapo zimwi likaamka, na meno ya kisogoni yakaanza kufunga.

Bi Somoe aliutia mkono wake wa kushoto baina ya meno. Ukatafunwa. Akauacha utafunwe, na kwa mkono wa kulia akamvuta mwanawe, kichwa, mabega, miguu, mpaka akatoka. Kisha akauchomoa mkono wake, ngozi imebaki humo, akawaambia watoto, "Kimbieni."

Zimwi halikuwafuata. Moto wa pilipili ulikuwa umelishika midomo yote miwili. Lilipiga mbio mpaka mtoni likaanza kunywa, mdomo wa mbele unakunywa, mdomo wa nyuma unakunywa, na tumbo ni lile lile moja. Likanywa, likanywa, likanywa, likapasuka. Samaki wa mto ule hawakuliwa mwaka mzima.

Kisimani watu walikuwa bado wamekaa, kiganja cha Jumbe kiko sikioni. Walimwona Bi Somoe anakuja, mkono unachuruzika damu, na watoto watatu nyuma yake wamelowa mate ya zimwi kutoka utosini hadi nyayoni.

"Kimya hiki ni cha nini?" aliuliza Jumbe kwa hasira. "Mwalimu yuko wapi?"

"Mwalimu wenu alikuwa zimwi. Huyu hapa mjukuu wako, nimemtoa tumboni."

Jumbe alimtazama Shaweji, akamgusa kichwa, mkono wake ukarudi na utelezi. Kisha mtu mmoja huko nyuma akasema, "Lakini sauti alikuwa nayo." Na wapo waliomwitikia.

Asubuhi Jumbe alikwenda nyumbani kwa Bi Somoe na wazee wanne. Alikohoa, akamsifu, akamwomba arudi bandani. "Ila," alisema, "upaze sauti kidogo. Kidogo tu, Bi Somoe, watu wasikie."

Bi Somoe alikuwa amekaa mkekani, mkono umefungwa kitambaa, Mwatumu ameulalia ubavu wake. Mbele yao palikuwa na ungo na watoto wengine, Shaweji miongoni mwao. Bi Somoe alimpa Shaweji ishara kwa kichwa.

Shaweji akaandika neno katika majivu, akamgeukia babu yake. "Babu, hapa pameandikwa nini?"

Jumbe alitazama paa. Akawatazama wale wazee wanne, na wale wazee wanne wakatazama miguu yao. Akavuta pumzi na kutanua kifua, kama afanyavyo anapotaka kuhutubia.

"Usipige kelele, babu," alisema Shaweji. "Tazama tu."

Jumbe akainama. Alilitazama neno lile kwa muda mrefu, jasho likamtoka. Jina lake ndilo lililokuwa pale, lile analoitwa na mjukuu wake kila siku ya Mungu. Mwisho akasema kwa sauti ambayo wale wazee waliokuwa mlangoni hawakuisikia.

"Sijui."

Bi Somoe alimsogeza Mwatumu kidogo, akapapasa mkeka pale palipobaki wazi.

"Kaa," alimwambia. "Hii ni b."

Hadithi yangu imeishia hapo, na aliyesinzia asinisumbue kesho nimrudilie. Shikeni hili: mtoto kupiga kelele siyo kujua kusoma, anajua kusoma akiweza kusoma. Na mzazi asiyekwenda kutazama mwanawe anafundishwa nini, akirudishiwa mtoto amelowa mate ya zimwi, ashukuru kwamba amerudishiwa.