Mangurumo Ajitangaza Mpole

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa pembe!
Pembe za nani?
Za Nyati!
Basi sogeeni, mumpishe mwenye pembe apite.

Hapo zamani, zamani za kale, katika nyika moja kavu palikuwa na chemchemi moja tu. Mlinzi wake alikuwa Kifaru, na Kifaru alikuwa na hasira za karibu. Aliyekunywa haraka alifukuzwa. Aliyekunywa polepole alifukuzwa. Aliyesalimia kabla ya kunywa aliulizwa anamsalimia nani. Siku moja akamkanyaga Mama Digidigi, akamvunja mguu. Wanyama wakachoka. Wakaungana, wakamfukuza Kifaru, naye akaenda kuishi peke yake ng'ambo ya kilima, kusiko na maji.

Sasa nani atalinda chemchemi? Bi Kanga, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua kesi za nyika, akasema mlinzi wa safari hii awe mpole. Anayejiona mpole aje kesho uwanjani. Atachokozwa asubuhi hadi jioni. Asipokasirika, chemchemi atailinda yeye.

Habari zikamfikia Nyati, jina lake Mangurumo. Ukame ulikuwa mkali, na mlinzi hunywa kwanza, yeye na watoto wake. Mangurumo alikuwa na ndama mchanga, na mkewe alikuwa amekaukiwa maziwa. Akawaza, akawaza, akamwambia mkewe, "Mama, mimi ni mpole."

Mkewe alikuwa anatafuna majani. Majani yakamtoka mdomoni. Akamkumbusha kwamba juzi tu alipigana na kichuguu.

"Kile kichuguu kilinianza," akasema Mangurumo. Lakini alijisikia mwenyewe, akaona haya kidogo.

Siku ile nzima akajifunza upole. Akatembea kipole, kichwa chini, kwato taratibu. Akakohoa kipole. Akagongana na mti, akauomba radhi. Jua lilipotua akatazama kivuli chake, akaona hata chenyewe kimepoa.

Kulipokucha wanyama wakajaa uwanjani. Chui alijaribu mapema, akaumwa na siafu mmoja, mtihani wake ukaishia hapo. Akaitwa Mangurumo.

Kwanza akaja Kima. Akapanda mtini, akamrushia kokwa kichwani. Ko! Ko! Ko! Damu ikampanda Mangurumo. Akameza mate, akatabasamu. Moyoni akasema: tazama nilivyo mpole.

Pili akaja Ngiri. Akamzunguka, akasema uso wa Mangurumo ni kama chungu kilichoungua, na kwamba mama yake alipomzaa aliuliza kama hakuna kingine. Wanyama wakacheka. Damu ikampanda Mangurumo. Akameza mate, akatabasamu. Moyoni akasema: hata kondoo hanifikii.

Jua likainama, ikawa alasiri. Mangurumo alikwishaanza kupanga jinsi atakavyowapokea wageni pale chemchemini, na jinsi watakavyousimulia upole wake mpaka nyika za mbali.

Tatu akasimama Bi Kanga. Yeye hakumtukana. Akasema, "Mangurumo, baba, umejitahidi. Ila kwa upole, mimi naona Mama Digidigi anakushinda."

Na Mama Digidigi hata hakuwapo pale uwanjani.

"Nani?" akanguruma Mangurumo. "Mpole kuliko mimi? Nyika hii? Mleteni hapa huyo mpole nimpondeponde!"

Akainamisha pembe, akachomoka. Bi Kanga akaruka juu. Mangurumo hakuweza tena kujizuia. Akavuka uwanja, akapasua vichaka, akaligonga jabali la chemchemi. Pu! Jabali likaporomoka, likaziba jicho la maji. Pembe za Mangurumo zikanasa katika ufa wa jabali. Akabaki kichwa ndani, makalio nje, makalio yakiutazama mkutano.

Wote wakasikia maji yakikoma.

Wanyama wakasukuma jabali, wakashindwa. Wakasukuma tena, wakashindwa. Chui akasema Mangurumo aachwe papo hapo, awe wa kwanza kufa. Wengine wakaitikia. Mangurumo aliyasikia yote. Akamfikiria ndama wake, na hasira zote zikamtoka, yakabaki machozi. Nimewaua wenzangu kwa kiu, akawaza, kwa sababu nimeambiwa kuna mpole mwingine.

Ndipo akatokea Mama Digidigi akichechemea. Alikuwa ametoka ng'ambo ya kilima. Tangu Kifaru afukuzwe, yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea matango mwitu asife kwa kiu, wala hakumwambia mtu. Wakamweleza yaliyotokea. Wakamweleza pia kwamba huyu aliyenasa alitaka kumponda. Mama Digidigi akausogelea ule ufa, akainama.

"Umeumia, baba?" akauliza.

Mangurumo akazidi kulia humo ndani.

Mama Digidigi akasema jabali lile linamtaka Kifaru. Wanyama wakakataa, maana waliogopa. Hakubishana nao. Akageuka, akachechemea kurudi kilimani.

Aliporudi, Kifaru alikuwa nyuma yake, kichwa chini, akipunguza hatua zake asimpite kilema. Wanyama wakarudi nyuma. Kifaru hakumtazama mtu. Akaingiza pembe chini ya jabali, akamwambia Mangurumo naye asukume huko huko aliko. Wakasukuma mara ya kwanza, jabali likatulia. Wakasukuma mara ya pili, likatikisika. Wakasukuma mara ya tatu, likabiringika, na pembe za Mangurumo zikachomoka. Maji yakatoka na matope, kisha yakatakata.

Bi Kanga akamkabidhi Mama Digidigi chemchemi. Naye kitu cha kwanza alichofanya ni kuagiza mke wa Mangurumo aletwe pamoja na ndama wake, wanywe. Baada yao akamwita Kifaru.

Mke wa Mangurumo akamkuta mumewe pembeni, matope mpaka masikioni. Akamuuliza kama alishinda.

"Nilikuwa mpole mpaka alasiri," akasema Mangurumo. "Halafu nikataka kumuua aliyenizidi upole."

Mkewe akauma mdomo. Mangurumo naye akayasikia maneno yake mwenyewe yalivyokaa. Akaanza kucheka, taratibu, halafu kwa nguvu, akacheka mpaka akakaa kwenye matope. Mkewe akacheka. Ndama akacheka asijue anachochekea. Ilikuwa mara ya kwanza Mangurumo kuchekwa bila damu kumpanda.

Basi, wanangu, shikeni hili: upole haupigiwi mbiu. Anayetaka aonekane mpole anatafuta sifa, na sifa ikimponyoka, pembe hutoka. Mpole wa kweli mtamkuta kwa aliyemkosea, akimuuliza kama ameumia.

Ngano yangu imefika ukingoni. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi, nitaishushia maji.