Juu kwa Fisi, Chini kwa Umma

— Paukwa.
— Pakawa.
— Palikuwa na nini?
— Palikuwa na kisima.
— Kisima kina nini?
— Kina mfuniko.
— Mfuniko una nini?
— Una kufuli.
— Na ufunguo anao nani?
— Hatujui.
— Basi kaeni, maana na wao hawakujua.

Zamani, wanyama walipokuwa na mji wao, Fisi alikuwa na kiwanda cha ngozi. Kazi yake ilikuwa rahisi. Ngozi mbichi ziliingia shimoni, chubwi. Zikamwagiwa chokaa, zikamwagiwa dawa kali, zikakaa humo mpaka manyoya yakatoka yenyewe. Mashimo yalikuwa saba. Kila jioni maji machafu ya mashimo yaliachwa yanywewe na ardhi, na ardhi haikukataa. Fisi alifanya hivyo miaka ishirini.

Kisha ngozi zikakosa soko. Fisi akafukia mashimo, akasawazisha udongo, akajenga nyumba, akapaita Mtaa wa Maua. Maua hayakuwepo, lakini jina lilikuwa zuri na wanyama wakahamia. Akawachimbia kisima cha kunywa. Pembeni akachimba kisima kingine, chembamba, chenye mfuniko na kufuli. Hicho hakikuwa cha kuteka. Kilikuwa cha kuchunguza maji ya chini, kwa sababu Baraza la mji lilikuwa na mashaka kidogo, na Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Kobe, alitaka mashaka hayo yawe na mtu wa kuyashughulikia.

Fisi akasimama mbele ya Baraza, akakohoa, akaapa: "Nitaangalia maji ya chini kila mwezi."

Karani wa Baraza alikuwa Kasuku. Mji ule haukuwa na karatasi. Lililosemwa barazani Kasuku alilimeza, na likihitajika alilitoa kama lilivyoingia, pamoja na kikohozi cha aliyelisema.

Fisi alitimiza ahadi yake. Kila mwezi alikwenda kisimani, chopi, chopi, chopi. Akafungua kufuli. Akainua mfuniko. Akaangalia. Akasema, "Yapo." Akafunika. Kasuku akaruka hadi sokoni, akatangaza: "Maji yameangaliwa. Yapo." Wanyama wakaridhika, wakaendelea kuteka.

Ukingoni mwa mtaa huo aliishi Fuko na mkewe, Bi Mashavu, ambaye alikuwa panya. Fuko, kama mjuavyo, haoni. Habari zote za rangi alizipata kwa mkewe. Bi Mashavu ndiye aliyemwambia kama mbingu imefunga au imefunguka, na kama embe limeiva au linajifanya. Basi Bi Mashavu alipenda kutengeneza juisi ya choya, yale maua makavu mekundu yanayolowekwa. Siku moja akasema, "Mume wangu, leo juisi imekuwa kijani."

Fuko akasema ni sufuria.

Wakanunua sufuria nyingine. Juisi ikawa kijani. Bi Mashavu akacheka, akasema wageni watadhani ni ya aina mpya, akainywa. Fuko hakunywa. Yeye, kama mafuko wote, maji yake aliyapata kwenye mizizi na minyoo. Mwezi wa tatu Bi Mashavu akaumwa tumbo. Mwezi wa tano akafa.

Fuko alikaa matanga siku zake zote. Yalipokwisha, akaanza kuifikiria ile sufuria.

Akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Akapita chini ya nyumba ya Nguruwe, kwaru, kwaru, akapita chini ya nyumba ya Swala, mpaka pua yake ikagonga shimo la kwanza kati ya yale saba. Hakuhitaji macho. Akarudi, akateka maji ya kisima cha kunywa kwenye kibuyu kimoja. Akatembea nusu siku, akateka ya mlimani kwenye kibuyu cha pili. Akatia choya katika vyote viwili, akamwita Bi Kanga, aliyekuwa rafiki wa mkewe, amsomee rangi.

"Hiki cha mlimani chekundu, shemeji," alisema Bi Kanga. "Hiki cha kwetu kijani."

"Kijani cha namna gani?"

"Kijani cha majani ya kunde."

Mwaka ule Bi Kanga alikuwa ametaga mayai sita, na hakuna hata moja lililoanguliwa. Sasa alikuwa amelalia manne mengine, na maji aliyokuwa akinywa ni hayo hayo ya kisima. Mlimani asingeweza kwenda, kwa sababu mayai hayaachwi nusu siku. Fuko akamwahidi kwamba kabla mayai hayajaanguliwa, kisima kile kitafungwa na maji mengine yatakuja. Hakumwambia kwa njia gani, kwa sababu alikuwa haijui.

Alianza na njia iliyonyooka. Akaenda kwa Fisi, akamweleza. Fisi akampa kiti na pole ya msiba. Kisha akasema, "Lakini, ndugu yangu Fuko, mimi nilinunua ardhi. Sikununua kilicho chini yake. Juu ni kwangu, chini ni kwa umma."

Akaenda kwa Mzee Kobe. Mzee Kobe alifikiri siku mbili, akasema hoja ya Fisi ina uzito: kama chini ni kwa umma, basi Baraza haliwezi kuingilia shughuli za umma bila umma wenyewe. Akamshauri Fuko auone umma.

Fuko akautafuta umma. Akabisha kwa Swala. "Wewe ni umma?" Swala akasema hapana, yeye ni Swala tu. Akabisha kwa Nguruwe. Nguruwe akasema alisikia umma unaishi ng'ambo ya soko. Akaenda ng'ambo ya soko. Wa ng'ambo ya soko wakamwambia amepotea, umma umehamia Mtaa wa Maua, kule kwenye nyumba mpya.

Fuko akarudi nyumbani akakaa. Mtu aliyezoea giza hukaa vizuri. Akaona njia iliyonyooka imekwisha.

Asubuhi ya pili akaenda kumtembelea Bi Kanga. Nyumba ya Bi Kanga ilipakana na ya Fisi, na Fisi alikuwa kibarazani akichokonoa meno. Fuko akazungumza kwa sauti ya kawaida, labda ya juu kidogo. Akamwambia Bi Kanga kwamba amechimba chini ya mtaa na kuyafikia maji yenyewe. Yamekaa na ngozi miaka ishirini. Juu yameweka mafuta. Yananuka ngozi, kwato na mfupa. Na kwa kuwa chini ni kwa umma, Ijumaa kila mnyama aje na chungu chake, agawiwe sehemu yake.

Angalieni, Fuko hakusema uongo hata mmoja. Neno supu hakulitaja. Supu ilipikwa kichwani mwa Fisi.

Ngozi! Kwato! Mfupa! Miaka ishirini juu ya mafiga! Fisi akameza mate, gubu. Akayameza tena, gubu. Akahesabu wanyama wa mtaa, akahesabu vyungu, akaona atakachobakiwa nacho ni mvuke. Siku ile hakula. Alikuwa akijitayarisha.

Habari ikaenea, na Ijumaa wanyama wakajipanga na vyungu kwenye kile kisima chembamba. Baraza lilikuwepo, Kasuku alikuwepo, Bi Kanga alisimama karibu na kiota chake akiangalia kwa mbali. Fisi akaja mbio, chopi chopi chopi chopi, akajitupa juu ya mfuniko akaukumbatia.

"Hakuna kugawana hapa," akasema. "Haya ni yangu."

Mzee Kobe akamkumbusha kwa upole kwamba yeye mwenyewe alisema juu ni kwake na chini ni kwa umma. Fisi akakohoa. Akasema alinukuliwa vibaya. Akasema ardhi ni kama mbuzi: huwezi kununua mgongo ukaacha tumbo.

"Basi tamka vizuri, Mheshimiwa," alisema Fuko, "karani asije akakosea."

Fisi akatamka mara tatu ili pasiwe na utata. "Juu ni kwangu, na chini ni kwangu. Juu ni kwangu, na chini ni kwangu. Juu ni kwangu, na chini ni kwangu, pamoja na kila tone."

Kasuku akafumba macho, akameza.

Fuko akasema jambo hilo limemridhisha, hana ubishi tena, na kilichobaki ni desturi. Desturi ya mji ule ilikuwa kama ya kwetu: mwenye chungu huonja kwanza mbele ya wageni, wasije wakaondoka na maneno. Wageni walikuwepo, tena na vyungu. Fisi akasema hilo si tatizo hata kidogo. Akafungua kufuli. Kwa mara ya kwanza tangu kisima kichimbwe, akashusha ndoo. Chubwi. Akaivuta. Akaiinamia na kinywa wazi.

Pua ya Fisi si pua ya kuchezea. Ilifika kwenye ndoo kabla ya ulimi. Akasimama hivyo hivyo, ameinama, kinywa wazi, mate yakimdondoka pembeni.

"Hii si supu," akasema.

"Ni nini?" akauliza Mzee Kobe.

"Ni dawa ya ngozi."

"Umejuaje?"

"Niliimwaga mimi."

Wanyama wote wakasikia. Kasuku akameza, pamoja na mate. Fuko akatia choya ndani ya ndoo, akamwomba Bi Kanga aseme rangi kutoka pale alipo, na Bi Kanga akasema kijani, na safari hii wanyama wote walikuwa na macho.

Fisi akajaribu kurudi alikotoka. Akasema amefikiri upya, chini kweli ni kwa umma. Mzee Kobe akamgeukia karani. Kasuku akafungua mdomo, akakohoa kikohozi cha Fisi: "Na chini ni kwangu, pamoja na kila tone." Akairudia mara tatu, kama ilivyoingia.

Hukumu haikuwa ndefu. Kisima cha kunywa kifungwe leo. Fisi abebe maji ya mlimani kwa mgongo wake mwenyewe, mitungi ya mtaa mzima, mpaka maji ya chini yapone. Kila mwezi ateke maji ya chini, asiangalie tu. Choya kitiwe mbele ya watu, na Kasuku aitangaze rangi sokoni. Kuhusu ufunguo, Baraza lilikiri kwamba umma ni wao pia, ila walikuwa hawajapata nafasi ya kujitambua. Ufunguo ukatundikwa sokoni kwenye msumari, mahali ambapo yeyote angeweza kuuchukua.

Mtungi wa kwanza wa mlimani Fisi aliupeleka kwa Bi Kanga. Mayai manne yakaanguliwa matatu.

Mwezi ule Kasuku akatangaza kijani. Mwezi uliofuata, kijani. Mwaka uliofuata, kijani. Wanyama wengine wakachoka kusikia, wakasema si lazima kila mwezi. Fuko hakubishana nao. Alikwenda kisimani, akangoja ndoo, akauliza, "Rangi gani?" Bi Kanga akajibu, "Kijani, shemeji." Akarudi nyumbani. Wale vifaranga watatu wakakua, wakataga mayai yao.

Mwaka wa tisa, mwezi wa tano, Bi Kanga alikawia kujibu.

"Si kijani," akasema. "Lakini nyekundu bado haijawa."

"Inafanana na nini?"

"Na biringanya."

Fuko akamwambia Kasuku atangaze zambarau, asiongeze neno. Kisha akashika njia ya makaburini, taratibu, akakaa kando ya kaburi la mkewe kama alivyokuwa akikaa zamani kusubiri kuelezwa mbingu.

"Mashavu," akasema, "haikuwa sufuria. Leo ni zambarau."

Hadithi hii, basi, inatufundisha kutosumbua wakubwa. Mwenye nguvu akikwambia kitu hakimhusu, mwamini. Yaliyo chini yaache chini, maana ukichimba utakuta kitu, na ukikikuta itabidi kishughulikiwe. Na juisi ikibadilika rangi, nunua sufuria.

Hapo ndipo ndoo yangu ilipofika. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mnirudishie. Ni yangu, juu na chini.